Katuni za dhihaka

Katuni za dhihaka ni michoro ya magazeti na majarida inayochekesha kwa kuwakejeli viongozi, desturi au imani. Katika Afrika Mashariki huzua mabishano ya mara kwa mara: je, aliyeudhika ana haki ya kutaka mchoro uondolewe?

Mifano
Mchoraji mashuhuri ni Gado (Godfrey Mwampembwa), mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na kampuni ya magazeti ya Nation, Nairobi, mwaka 1992. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la kampuni hiyo, The EastAfrican, ikisema halikusajiliwa nchini. Zuio hilo lilifuata katuni ya Gado iliyomkejeli Rais Jakaya Kikwete. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na Nation haukuongezwa. Kwa upande wa dini, katuni za Mtume Muhammad zilizochapishwa na gazeti la Jyllands-Posten la Denmark, Septemba 2005, ziliwafanya Waislamu waandamane barabarani Nairobi Februari 2006.

Mjadala
Watetezi husema mtawala asiyekubali kuchekwa hatakubali kuulizwa. Wapinzani hujibu kwamba dhihaka juu ya dini au kabila huwaumiza wasio na jukwaa la kujitetea. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza lakini haikingi matamshi ya chuki. Kwa hiyo kuudhika peke yake si sababu tosha ya kupiga mchoro marufuku. La kupimwa ni nani analengwa: mwenye cheo ana nafasi tele ya kujibu, ilhali jamii inayodunishwa hubaki na madhara.