Lupango ya Songi: Masanamu ya Nyumbani kwa Watshokwe wa Dilolo

Kuna jina ambalo wageni wanapenda kumpa mzee anayejaza lupango yake masanamu: mtu wa ajabu. Huko Afrika Kusini, katika kijiji cha Nieu-Bethesda, mama mmoja aitwaye Helen Martins alijaza ua wake ngamia, bundi na watu wa saruji. Majirani walimwona kama mtu aliyejitenga na wenzake. Alifariki mwaka 1976, na baadaye nyumba yake ikageuka musee. India, mjini Chandigarh, Nek Chand alijenga kwa siri bustani nzima ya watu na wanyama kwa vigae na bangili zilizovunjika, na bustani hiyo ikafunguliwa kwa watu mwaka huohuo wa 1976. Habari hizi ni nzuri, tunazisoma kwa furaha. Lakini sisi wa magharibi ya Lualaba, wa njia ile ya reli inayotoka Kolwezi, inapita Mutshatsha na Kasaji mpaka Dilolo, tunajiuliza: juu ya nini mtu mwenye masanamu mu lupango aitwe wa ajabu, wakati huku kwetu kila mkubwa wa kijiji alikuwa nayo?

Swali hilo njo limetufanya tuandike kurasa hizi. Tutaingia kwanza mu lupango yenyewe, kiisha tutaangalia wageni waliopita humo kwa muda wa zaidi ya miaka 150, na waliondoka na nini.

Tuingie basi. Mgeni wa kimila haingii moja kwa moja. Anapiga makofi polepole akiwa nje, anangoja neno «moyo», njo salamu ya Watshokwe na Walwena, na anakaribishwa kwenye tshota, banda la mviringo la wanaume lililo katikati. Hapo wanakula, wanakata kesi, wanapokea wageni. Hapo pia mzee akipata nafasi analainisha mchanga kwa kiganja, anatia vidoti kwa ncha za vidole, kiisha anauzungusha mstari kati ya vidoti hivyo bila kuinua kidole mpaka unarudi ulikoanzia. Mchoro huo ni lusona, na wingi wake ni sona. Kila mmoja una habari yake: safari ya kumwendea Mungu, kima, kobe, njia ya mwindaji. Akimaliza kusimulia anaufuta. Wataalamu wa hesabu, mmojawapo Paulus Gerdes wa Msumbiji, wameandika vitabu juu ya akili iliyo ndani ya mistari ile, na mwaka 2023 Unesco iliiandika sona ya Angola katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Kutoka tshota, macho yanakwenda kwenye muyombo. Huu ni mti unaopandwa kwa tawi: unakata, unachomeka ardhini, unachipuka. Mkubwa mpya wa kijiji anaupanda kwa jina la waliomtangulia. Shina linapakwa pemba, ule udongo mweupe, na chini yake kinamwagwa kinywaji, linawekwa chakula, yanatajwa majina. Mtaalamu Victor Turner, aliyekaa kwa Wandembu wa Mwinilunga, upande wa Zambia, katika miaka ya 1950, alieleza sana mti huu, na mambo aliyoyaona kule hayako mbali na yale ya wazee wa Dilolo, maana mipaka ya Wazungu ilikata familia zetu vipande 3.

Karibu na muyombo njo kuna masanamu. Wageni wengi wanatazamia kitu cha kupendeza, na hapo wanashangaa. Mengine ni vigogo vifupi vilivyochongwa kichwa tu, macho mawili na mdomo, basi. Mengine ni ya udongo, yamelala chini kama mnyama. Kuna kijiti chenye panda kilichosimikwa na kuwekwa vichwa na pembe za wanyama, alama ya mwindaji wa ukoo. Yote hayo ni fasi ya mahamba. Hamba ni roho ya mkubwa aliyekufa, ama nguvu fulani ya porini, ambayo ikisahauliwa inaleta ugonjwa, utasa au mkosi wa uwindaji. Mganga wa ngombo anatikisa kikapu chake chenye vijisanamu vingi vidogo, anaangalia kipi kimejitokeza juu, anasema hamba gani ameudhika. Kiisha sanamu inachongwa na kusimikwa. Kwa hiyo kila kigogo mu lupango kina tarehe yake: mwaka ule mtoto wa fulani aliugua, mwaka ule mama fulani alikosa uzazi. Mwenye nyumba anaweza kukuonyesha kimoja kimoja, kutoka mlangoni mpaka nyuma ya jiko, akakusomea maisha ya ukoo mzima. Sisi tuliosoma tunaweka habari hizo ndani ya karatasi. Wao waliziweka wima juu ya udongo.

Kwa njia, katika Kiswahili chetu cha Katanga «mukanda» ni barua ama kitabu. Kwa Watshokwe mukanda ni kambi ya porini ya kuwatahiri na kuwafundisha watoto wanaume. Wazee wanacheka wakisema wao pia walikwenda masomo, ila mukanda wao ulikuwa na miti.

Sasa songi ni nani? Ni mchongaji. Kigogo cha hamba mtu yeyote mwenye shoka dogo aliweza kukichonga kwa haja yake, na hakuna aliyemdai uzuri. Lakini kulikuwa na masongi wa kazi, watu waliojulikana mbali, walioitwa na wakubwa wa nchi. Hao walichonga fimbo, viko, masega, na viti vya enzi vyenye mgongo. Umbo la kiti walilitoa kwa Wareno. Mgongoni na kwenye miti inayounganisha miguu walijaza watu wadogo: wapagazi wamembeba mkubwa, mwindaji na mbwa wake, mama anatwanga, vinyago vya mukanda vinacheza. Juu ya yote walichonga sanamu ya Tshibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka kwa Waluba akamuoa Lueji wa Walunda. Ana kofia pana iliyokunjika pande mbili, mikono na miguu mikubwa kupita kiasi, maana mwindaji anaishi kwa mikono na miguu.

Songi huyo alichonga pia kinyago cha Pwo, mama wa ukoo. Alikwenda kumtazama mwanamke fulani mzuri, akaweka mpango wa nywele zake na chale zake za uso katika mti. Anayekicheza ni mwanaume, na zamani alimlipa songi pete ya shaba sawasawa mahari, juu ya kujifunga na kinyago kile kama na mke. Akifa, kinyago kiliweza kuzikwa naye. Kuhusu vinyago vikubwa vya kambi, vya nyuzi na gome la mti, hivyo vilichomwa pamoja na kambi mukanda ukiisha. Kwa Watshokwe kuhifadhi hakukuwa na maana ya kuweka kitu kisioze. Kilipooza kilichongwa kingine.

Mmoja wa wageni wa mapema waliotuachia maandishi juu ya masanamu ya upande huu ni David Livingstone. Mwanzo wa mwaka 1854, akielekea ziwa Dilolo ambalo leo liko Angola, alipita vijijini mwa Walunda wa kusini akaona katika kibanda mnyama wa majani aliyekandikwa udongo, macho ni simbi mbili, shingoni amechomekwa singa za mkia wa tembo. Wenyeji walimwambia ni simba. Yeye akaandika kwamba mtu asipoambiwa angefikiri ni mamba. Aliandika pia kwamba mtu akiugua watu wanapiga ngoma mbele yake usiku kucha. Tunapenda sana habari hiyo ya simba-mamba. Muzungu alipima sanamu kwa kufanana, wenyewe waliipima kwa kazi yake, na habari ya ngoma, iliyo kubwa kuliko zote, aliiweka pembeni.

Baada yake walikuja wa kuchukua. Otto Schütt, Mjerumani, alitembea Lunda mwaka 1878 na 1879, na Tshibinda Ilunga mmoja mzuri sana akafika Berlin. Mwingine yuko Marekani, mjini Fort Worth, katika musee ya Kimbell tangu 1978. Mnamo miaka ya 1880 Watshokwe wenyewe, wenye bunduki walizopata kwa biashara ya pembe, nta na mpira, walikuwa wakienea kaskazini na mashariki, wakafika kuivunja Musumba ya Mwant Yav. Kijiji chenye kuhama kila mara hakimweki songi wa viti vikubwa. Kiisha ukaja ukoloni, wakubwa wakapoteza nguvu na mali, na songi akapoteza wa kumlipa. Vilivyobaki ni vinyago na mahamba, vile vya lupango ya kawaida.

Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na ya Katanga, na Dilolo ikawa mlango. Mwaka 1936 kampuni ya almasi Diamang ilifungua musee huko Dundo, upande wa Angola, chini ya uangalizi wa José Redinha. Walikusanya maelfu ya vitu, wakajenga na kijiji cha musee ambamo wachongaji walifanya kazi mbele ya wageni. Redinha alinakili hata picha za rangi zilizochorwa kwenye kuta za nyumba, akazitoa katika kitabu mwaka 1953. Mbelgiji Marie-Louise Bastin alifika Dundo mwaka 1956, na kitabu chake cha 1961 juu ya mapambo ya Watshokwe njo mpaka sasa mtu anaanzia. Hatutasema kazi hiyo ilikuwa ya bure. Bila yao majina mengi ya alama tungekuwa tumeyapoteza. Lakini tuseme pia lingine: sanamu ikitolewa mu lupango na kuwekwa kwenye kioo, inabaki na umbo na jina la kabila. Jina la mtoto aliyeugua halifiki Dundo.

Na kioo chenyewe hakikulinda. Katika vita ya Angola, 1975 mpaka 2002, vitu vya Dundo viliibwa vikauzwa Ulaya. Sindika Dokolo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefariki mwaka 2020, alivisaka katika soko la wazungu, na mwaka 2016 vinyago viwili vya Pwo na sanamu moja vilirudishwa Angola. Upande wetu nao haukulala salama. Mwezi wa 3 mwaka 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliingia Dilolo, Kisenge na Kapanga, na watu wengi wakakimbia porini na ng'ambo. Mwenye kukimbia anabeba mtoto na sufuria. Masanamu ya ua yanabaki kunyeshewa.

Tuongeze na mahubiri. Katika makanisa mengi ya huku mtu alifundishwa kung'oa mahamba yake na kuyatupa motoni mbele ya wote, na wengi walifanya hivyo kwa moyo safi. Hatuna nia ya kugombana na imani ya mtu, wengi wetu ni watu wa kanisa. Tunasema tu kilichofuata. Pale ambapo nyumba 20 zilikuwa na masanamu, ikabaki moja ya mzee mmoja mkaidi, na majirani wakaanza kumwita mchawi, na wageni wakaanza kumwita msanii wa ajabu. Hakuna hata jina moja kati ya hayo mawili lililo lake. Mzee hakubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni wale waliomzunguka.

Jina la msanii lina fedha ndani yake, nalo linamharibia kwa njia nyingine. Mnunuzi anataka Pwo mwenye kung'aa, wa kutundika sebuleni, na songi ana watoto wa kulipia masomo. Basi anachonga Pwo 10 zinazofanana, anazifukiza moshi zionekane za zamani. Ni kazi halali, hatumlaumu, sawasawa na vijana wa Kolwezi na Likasi wanaochonga tembo wa malakiti wakati tembo wenyewe hawajamwona. Lakini Pwo hizo hazina mwanamke aliyetazamwa, na hakuna pete iliyolipwa.

Zambia iliona mapema. Mwaka 2005 Unesco ilitangaza makishi ya Mukanda, ya Waluvale, Watshokwe, Waluchazi na Wambunda wa kule, kuwa urithi usioshikika wa binadamu. Kiisha Angola ikaja na sona. Tunaulizwa na vijana kwa nini Dilolo isijenge musee yake. Sisi tungeomba kazi ndogo kuliko hiyo, ambayo haingoji mfadhili: kijana aende kwa mzee mwenye lupango ya namna hii, apige makofi nje, akae, aandike majina, kigogo kwa kigogo, bila kuhamisha hata kimoja. Apige picha mwenyewe akikubali. Asiulize bei.

Juu ya vigogo vyenyewe hakuna haja ya kusumbuka sana. Mchwa atavila, kama alivyokula vya babu zao. Muyombo ni habari nyingine. Ukoo unapohama, tawi linakatwa linakwenda kuchomekwa fasi mpya, na ule wa zamani unabaki peke yake porini, umenenepa, bila nyumba hata moja karibu. Wawindaji wakiukuta wanajua kwamba wamesimama mu lupango ya watu, na wanavua kofia kabla ya kupita.