Upanga wa kuku umekuwa mweusi? Masasi na Newala usilaumu baridi, angalia ndui

Juni na Julai, ukungu unapotanda Newala na watu kuvaa masweta, wafugaji wengi hukuta upanga wa kuku, kile kishungi chekundu cha kichwani, una mabaka meusi. Ukiuliza mtandaoni unaambiwa kaganda kwa baridi, mpake mafuta, muingize ndani.

Ushauri huo ni wa nchi za theluji. Ili upanga ugande na kufa, hewa lazima ishuke chini ya nyuzi sifuri. Newala ni juu na kuna upepo, lakini haifiki huko. Masasi, iliyo chini zaidi, ndiyo kabisa.

Mara nyingi huo ni ndui ya kuku. Ni ugonjwa wa virusi, na mbu ndio wasambazaji wakubwa, kwa hiyo hushika kasi kuanzia kipindi cha mvua na baada yake. Huanza kama vipele vidogo vyeupe kwenye upanga, ndevu na kope, kisha vinakauka na kuwa magamba meusi. Vifaranga ndio huumia zaidi, maana macho yakiziba hawaoni chakula na wanakufa njaa, wala si kwa ndui yenyewe.

Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Antibayotiki za dukani husaidia tu kama vidonda vimeingiwa na bakteria. Mtenge mgonjwa, safisha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, paka ayodini kwenye vidonda (isiingie machoni), na asiyeona mlishe kwa mkono pumba iliyoloweshwa. Magamba usiyabandue! Virusi hukaa humo kwa miezi, na ukiyatupa uani unawagawia wengine. Kuku akipata matunzo hupona ndani ya wiki 3 au 4. Akiwa na utando wa njano mdomoni na anahema kwa shida, hali ni mbaya zaidi.

Kabla ya yote, msogeze kuku kwenye mwanga. Kama weusi huo ni vidoadoa vilivyong'ang'ania kuzunguka macho na upanga, hao ni viroboto. Wapake vaselini wakose hewa, kisha safisha banda na uchome takataka zake.

Upanga wote ukiwa wa bluu-nyeusi, kuku anasinzia, anaharisha kijani au shingo imepinda, hapo fikiria mdondo. Usichinje wala usimpeleke mnadani. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Chanjo ya ndui huchomwa kwenye utando wa bawa, kwa kuku wazima tu, vifaranga wakifika wiki 6 hadi 8. Baada ya wiki moja hivi angalia palipochomwa: pakivimba, imeshika. Ya mdondo, I-2, ni tone moja la jicho kila baada ya miezi 3, na inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, jambo kubwa kwa vijiji visivyo na friji. Wafugaji wakichangia chupa moja gharama inashuka, na kabla korosho hazijauzwa kuku ndiyo benki ya nyumba nyingi.

Ndui ya kuku haimwambukizi binadamu.