Silsila ya Mikono Mitupu

Makomando wa Uingereza wana alama yao: kisu kilichosimama wima, chembamba, chenye makali pande mbili kama sime iliyokonda. Makomando wa Uholanzi nao wanakivaa kisu hichohicho kwenye kofia zao. Kinaitwa Fairbairn-Sykes, kwa majina ya Waingereza wawili waliokibuni, na kampuni ya Wilkinson Sword ilianza kukitengeneza mwanzoni mwa mwaka 1941. Wengi huishia hapo: kisu cha Waingereza, ufundi wa Waingereza. Lakini sisi tuliolelewa na masheikh na mafundi tunajua kwamba elimu haisimami bila silsila. Aliyekufundisha nani? Naye kafundishwa na nani? Ukiyauliza hayo kuhusu mapigano ya karibu ya majeshi ya leo, jibu linakutoa Uingereza na kukupeleka Shanghai, kwa Mjapani aliyekuwa akiunga mifupa na mzee wa Kichina aliyewahi kufanya kazi katika kasri ya kifalme.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Mapigano ya karibu si ndondi wala mieleka. Huko kuna refa, kuna kengele, watu wamepimwa uzito na wamekubaliana kukutana. Hata kirumbizi cha pwani yetu, fimbo kwa fimbo katikati ya ngoma, kina adabu zake, na wachezaji wanarudi nyumbani wakiwa ndugu. Mapigano ninayoyasema hapa hayana makubaliano. Ni mtu na mtu, umbali wa mkono, pengine gizani, pengine mmoja ana kisu na mwenzake hana kitu, na shabaha ni moja tu: kumaliza upesi na kubaki hai.

William Ewart Fairbairn alizaliwa mwaka 1885 Rickmansworth, Uingereza. Akiwa bado kijana mdogo alijiunga na askari wa majini, na mwaka 1907 akaingia polisi ya Shanghai. Mji huo ulikuwa bandari ya fedha, kasumba na magenge, na sehemu yake kubwa, iliyoitwa Eneo la Kimataifa, ilitawaliwa na wageni ndani ya nchi ya Wachina. Polisi wake walikuwa mchanganyiko: Waingereza, Masingasinga, Wachina, baadaye na Wajapani.

Inasimuliwa kwamba katika miaka yake ya mwanzo alivamiwa na genge akiwa lindoni, akapigwa hadi akazirai, na alipopata fahamu alikuwa hospitalini. Hapo ndipo alipopata habari za Okada, Mjapani aliyekuwa mwalimu wa jujitsu na muunga mifupa. Hapa mimi husimama kidogo. Mkono unaojua kiungo kinavunjika wapi ndio huohuo unaojua kinarudishwaje mahali pake. Waganga wetu wa viungo wangemwelewa Okada bila mkalimani. Fairbairn akawa mwanafunzi wake, akaendelea na judo hadi Kodokan, chuo alichokianzisha Kano Jigoro Tokyo mwaka 1882, kikampa mkanda mweusi mwaka 1926 na daraja ya pili mwaka 1931. Upande wa Kichina alifundishwa na Tsai Ching Tung, mzee ambaye zamani aliwafundisha watumishi wa Malkia Mama katika kasri ya Beijing. Majina hayo hayakufichwa: Fairbairn mwenyewe hakuyakana, na maelezo ya vitabu vyake yanamtaja Tsai. Waliokuja baadaye ndio walioyaacha yadondoke njiani.

Alichokifanya yeye ni kukamua. Judo humtaka mtu miaka, na ndondi za Kichina zinataka umri mzima. Askari wa doria hana muda huo, na hofu ikimpanda vidole vinatetemeka, ujanja wa hali ya juu unamtoka. Akabakisha tui zito tu: ukingo wa kiganja, kiganja wazi chini ya kidevu, goti, kisigino cha buti. Mambo machache, yakirudiwa mpaka mwili uyatende kabla akili haijauliza. Mwaka 1926 aliyachapisha kwa jina la Defendu, na mwaka 1931 kitabu kikatoka upya kwa jina lingine. Bastola nayo aliifundisha hivyohivyo, pamoja na mwenzake Eric Sykes. Walijenga nyumba ya mazoezi yenye giza, sauti na vinyago vya kushtukiza, kwa kuwa mwizi hakusubiri ulenge. Kitabu chao cha 1942 kinataja mapambano 666 ya silaha katika miaka 12 na nusu: polisi 42 waliuawa, wahalifu 260. Hiyo ndiyo shule iliyomtoa.

Lakini historia isifiche jambo. Tarehe 30 Mei 1925, waandamanaji walikusanyika mbele ya kituo cha polisi karibu na Barabara ya Nanjing, wakiwa na uchungu wa mfanyakazi wa kiwanda aliyepigwa risasi na Wajapani. Polisi wakafyatua risasi. Waliokufa hawakupungua 9, na China nzima ikawaka moto wa migomo. Baada ya hapo Fairbairn akapewa kazi ya kuunda kikosi maalumu cha kutuliza ghasia, aina ya kile ambacho Tanzania tunakiita FFU, kitakachotumia rungu, ngao na mikono kabla ya risasi. Ni kweli kwamba rungu huua wachache kuliko bunduki. Ni kweli pia kwamba elimu ya Okada na Tsai sasa iliwalinda wageni dhidi ya Wachina wenye mji wao. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Mwaka 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeanza, alirudi Uingereza, umri miaka 55, miwani machoni. Yeye na Sykes wakapelekwa Lochailort, nyanda za juu za Scotland, kuwafundisha makomando. Inasimuliwa kwamba vijana walipokusanyika ukumbini waliwaona wazee wawili wenye sura ya makasisi wakibiringika ngazi nzima hadi chini, kisha wakasimama tayari, silaha mkononi. Vijana hao walikuwa na wiki chache tu kabla ya kurushwa nyuma ya adui. Ufundi uliokamuliwa kwa ajili ya askari wa doria uliwafaa wao kuliko mwingine wowote.

Mwaka 1942 alichapisha pia kitabu kidogo cha wanawake na wasichana, namna ya kujinasua mtu anapokushika, na namna ya kutumia hata mwavuli. Kati ya kazi zake zote, hicho ndicho ninachokithamini zaidi, maana aliyemwandikia hakutumwa na serikali yoyote kumvamia mtu.

Mwaka huohuo alivuka bahari, kwanza Kanada, kisha Maryland, Marekani, akifundisha majasusi wa OSS, idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa vita. Huko alimpata ofisa wa Kimarekani, Rex Applegate, ambaye mwaka 1943 alitoa kitabu chake cha mapigano ya karibu. Kikosi cha Marine cha Marekani kilikichapisha tena kama mwongozo rasmi mwaka 1991. Sykes alifariki mwaka 1945. Fairbairn aliitwa tena miaka ya 1950 kufundisha polisi wa kikoloni Singapore na Saiprasi, akafa mwaka 1960.

Si mapigano yote ya karibu yanatoka Shanghai. Krav Maga ni mto mwingine: Imi Lichtenfeld, mtoto wa ofisa wa polisi, aliianza Bratislava miaka ya 1930 akipambana mitaani na wahuni wa kifashisti waliowashambulia Wayahudi, na baadaye akaifundisha katika jeshi la Israeli hadi 1964. Naye alijifunza kwamba ubingwa wa ulingoni haukutoshi barabarani.

Mto wa Shanghai, hata hivyo, ndio uliolisha majeshi mengi, na vyanzo vyake viwili havimo kwenye beji. Basi wewe mwalimu unayesimama mbele ya wanafunzi leo, iwe kambini au kwenye ukumbi wa mtaani, ukiwaeleza ukingo wa kiganja ulikotoka, usianzie kwa Fairbairn. Anza na Okada, umtaje na Tsai Ching Tung.