Kutoka Daftari Hadi Kompyuta: Safari ya Kumbukumbu za Afya Yako

Leo hatuzungumzii ugonjwa wala dawa. Tunazungumzia kumbukumbu za matibabu, kitu ambacho kikipotea, hata dawa nzuri inaweza kukudhuru.

Wewe mwenyewe unajua. Umefika kliniki, mtoto mgongoni, na kadi imeloa mvua. Muuguzi anafungua daftari kubwa akitafuta jina, na akina Chebet ni wengi. Je, mtoto alipata chanjo ya pili au ya tatu? Ni dawa gani ilimfanya avimbe mwaka jana? Ukisahau, hakuna wa kujibu.

Tatizo hili lilikuwepo pia katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret. Mwaka 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walianzisha kumbukumbu za kompyuta hapo. Kule Indiana kazi kama hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1972. Lakini hawakubeba mtambo mkubwa wa hospitali ya Marekani. Walitazama kwanza kituo chenyewe kina nini. Wakaweka kompyuta mbili, programu nyepesi, na betri za nguvu za jua kwa sababu stima hupotea.

Mgonjwa aliandikishwa na karani, akapewa fomu ya karatasi, akapita nayo kwa daktari, maabara na dawa. Akitoka, karani aliyaingiza yote katika kompyuta. Walipopima muda, waliona ziara ya mgonjwa imepungua kwa asilimia 22. Muda wa kukaa na mhudumu nao ulipungua kwa asilimia 58. Kwa hiyo mama, ukiingia chumbani, sema shida yako mapema na kwa ukamilifu.

Kisha ukaja mzigo mzito zaidi. Wagonjwa wa Ukimwi walianza kupata dawa za maisha yote, na kila ziara ilipaswa kukumbukwa. Ile programu nyepesi ikazidiwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Indiana na shirika la Partners In Health walianza kutengeneza OpenMRS, programu isiyouzwa, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Hata hivyo, programu ya bure ina gharama zake: kompyuta, stima, mafunzo na fundi.

Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa mifumo hii, ili vituo visiendelee kuchagua kila kimoja kivyake. Mwaka 2012 ikaja KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS. Na mwaka 2019 ikapitishwa sheria ya kulinda taarifa za watu, zikiwemo za afya.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu huenda wewe au jirani yako mko katika kamati ya kituo cha afya, na siku moja muuzaji atakuja na kompyuta zinazong'aa. Msikimbilie kutia sahihi. Muulizeni:

Stima ikipotea, kazi itaendeleaje?
Ikiharibika, fundi yuko wapi na analipwa na nani?
Tukiacha mfumo huu, kumbukumbu zetu tutaondoka nazo?
Ni nani atakayeweza kusoma habari za mgonjwa?

Asipojibu swali la tatu, mjue mtafungwa kwake. Asipojibu la nne, siri ya mama aliyepimwa inaweza kufika sokoni kabla yake.

Nawe mama, usitupe kitabu cha kliniki kwa sababu kuna kompyuta. Tumia majina yale yale kila mara. Karani akiandika, mwombe akusomee jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta hukumbuka kile ilichoambiwa tu, na kosa nalo hulikumbuka vilevile.

Mwambie na jirani.