Kutoonekana si Kutokuwapo: Uwindaji wa Maneno Mtandaoni na Ushahidi wa Lugha

Mwaka 2002, Gary Stock wa Marekani aliuita Googlewhack mchezo wa kusaka maneno mawili ya kamusi ambayo, yakitafutwa pamoja katika Google, huleta ukurasa mmoja tu. Ushindi haukudumu: jozi ikishatangazwa katika ukurasa mwingine, matokeo huwa mawili.

Hoja iliyomo ni kongwe zaidi. Mwaka 1957, Noam Chomsky alitoa sentensi kuhusu mawazo ya kijani yasiyo na rangi, akidai kwamba haikuwahi kutumika ingawa inafuata sarufi. Leo sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali.

Katika Kiswahili, mawindo ya aina hii ni mengi mno. Kitenzi kimoja, kwa mfano *wasingalituandikishia*, hubeba nafsi, ukanushi, masharti, yambwa na minyambuliko. Maumbo yanayowezekana huzidi kwa mbali matini zilizowekwa mtandaoni. Kwa hiyo, mtafiti anayelikataa umbo kwa kuwa hakulipata huko hupima uchache wa matini, si mipaka ya lugha. Hukumu ya usahihi iendelee kutafutwa kwa wazungumzaji wenyewe.