Trekta Lilipovuliwa Meno ya Chuma

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, trekta la kawaida Marekani lilitembelea magurudumu ya chuma, na ya nyuma yalikuwa na meno ya kung'ang'ania udongo. Shambani lilivuta plau vizuri, lakini lilimtikisa dereva mchana kutwa, na likiingia barabarani lilichimbua lami. Wakulima wa michungwa huko Florida walikuwa na kilio kingine: meno hayo yalikata mizizi ya miti yao. Baadhi yao wakaanza kuyavalisha magurudumu matairi makuukuu ya lori, bila tyubu wala upepo.

Mageuzi yenyewe yalikuja mwaka 1932. Kampuni ya Allis-Chalmers ya Milwaukee ilifunga matairi ya ndege yaliyotengenezwa na Firestone kwenye trekta lake la Model U, ikalijaribu katika shamba moja karibu na Waukesha, Wisconsin. Siri ilikuwa kwenye upepo. Tairi halikujazwa likakaza kama la lori. Lilitiwa pauni 15 hivi tu kwa inchi ya mraba, likatanuka chini na kushika eneo kubwa la ardhi. Harvey Firestone, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya matairi, naye alifanya majaribio kwenye shamba la familia yake, Columbiana, Ohio.

Wakulima hawakuamini. Walijua mpira ungeteleza kwenye tope na kutobolewa na visiki. Ndipo Allis-Chalmers ikamtafuta Barney Oldfield, dereva maarufu wa magari ya mashindano, ambaye mwaka 1933 alilikimbiza Model U kwa zaidi ya maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 100. Hakuna aliyehitaji kulima kwa mwendo huo! Hata hivyo watu walifurika kutazama, na kabla ya mwongo ule kwisha, matrekta mengi mapya yalikuwa yakiuzwa na matairi ya mpira.

Kisha vita vikarudisha chuma. Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na Marekani ikapoteza takriban asilimia 90 ya mpira wake wa asili. Mashamba ya Firestone huko Harbel, Liberia, yasingeweza kuziba pengo hilo. Viwanda vikarudia magurudumu ya chuma, na ndiyo maana mtu akikuta trekta kuukuu la chuma asikimbilie kusema ni la zamani kuliko la mpira. Huenda la mpira ni la 1938 na lile la chuma ni la 1943.

Kwa wanaohifadhi mitambo hii, tairi la asili ni ushahidi unaostahili kulindwa, hata kama halibebi tena mzigo. Nyuzi zake za ndani ni za pamba. Ubavuni mna nyufa nyembamba zilizoletwa na jua na hewa, na kashata zimelika zaidi upande mmoja, ule uliokuwa ukipita ndani ya mtaro wa plau. Kando ya valvu mara nyingi rimu imeliwa na kutu, kwa sababu wakulima walijaza maji yenye kloridi ya kalsiamu ili kuongeza uzito bila kuganda wakati wa baridi. Matrekta mengine yana alama iliyo wazi zaidi: spoki za chuma zilizokatwa katikati, kisha rimu ya tairi ikachomelewa kwenye ncha zake na fundi wa kijijini.