Deemo

Deemo ni mchezo wa video wa muziki uliotengenezwa na Rayark, kampuni ya michezo yenye makao yake Taipei, Taiwan. Ulitolewa Novemba 2013 kwa simu na tableti za Apple, kisha ukatolewa kwa simu zinazotumia Android. Deemo ni mmojawapo wa michezo ya mdundo, yaani michezo ambayo mchezaji hugusa kioo cha simu kwa kufuata mapigo ya wimbo. Sifa yake kubwa ni kwamba nyimbo zake zimefungamanishwa na hadithi: msichana mdogo ameanguka kutoka angani, na kila wimbo wa piano unaopigwa hurefusha mti atakaoupanda ili arudi kwao.

Historia

Michezo ya mdundo ilianza kupata umaarufu nchini Japani katika miaka ya 1990. PaRappa the Rapper ulitolewa mwaka 1996 kwa mashine ya PlayStation. Kampuni ya Konami ilileta Beatmania mwaka 1997 na Dance Dance Revolution mwaka 1998. Michezo hiyo miwili ilichezwa kwanza katika kumbi za burudani, na katika ule wa pili mchezaji alikanyaga mishale kwa miguu kama anayecheza dansi. Mwaka 2005 ulitoka Guitar Hero wa Marekani, uliochezwa kwa kushika gitaa la plastiki.

Mingi kati ya michezo hiyo ilihitaji vifaa vya pekee. Simu zenye kioo cha kugusa ziliondoa haja hiyo, kwa kuwa kidole chenyewe kiligeuka kuwa chombo cha kupigia. Tap Tap Revenge, uliotolewa mwaka 2008 kwa iPhone, ulikuwa miongoni mwa michezo ya mwanzo iliyoonyesha jambo hilo.

Rayark ilianzishwa mwaka 2011, na mchezo wake wa kwanza, Cytus, ulitolewa Januari 2012. Katika Cytus mstari hupanda na kushuka kwenye kioo, na mchezaji hugusa viduara pale mstari unapovipitia. Deemo ulifuata mwaka uliofuata kwa mpangilio mwingine. Safari hii kioo cha simu kilifanywa kifanane na kibodi ya piano, na hadithi ikapewa nafasi sawa na muziki.

Uchezaji

Wimbo unapoanza, noti hushuka kutoka juu ya kioo kuelekea mstari ulio chini. Mchezaji anatakiwa aguse noti wakati ule ule inapofika kwenye mstari. Noti nyeusi hugongwa mara moja kama kitufe cha piano. Noti za njano huja kwa mfululizo, na hizo hupigwa kwa kuburuta kidole juu yake bila kukiinua, kama mpiga piano anayetelezesha kidole kwenye vitufe.

Katika michezo mingi ya mdundo noti hushuka katika njia chache zilizochorwa, na mchezaji hukariri kila njia ina kidole gani. Deemo hauna njia hizo. Noti inaweza kutua mahali popote kwenye mstari, na upana wake hubadilika, hivyo mikono hutembea kushoto na kulia.

Noti iliyoguswa kwa wakati wake hasa hupewa hukumu iitwayo Charming. Iliyoguswa mapema au kwa kuchelewa kidogo hukubaliwa, lakini hupunguza alama. Iliyopitwa kabisa huhesabiwa kuwa kosa na hukata mfululizo. Mwishoni mchezaji hupewa alama kwa asilimia, na 100 ndiyo ukamilifu. Kila wimbo una ngazi za ugumu ambazo kwa Kiswahili ni Rahisi, Wastani na Ngumu, na kila ngazi ina namba inayoonyesha ugumu wake. Kasi ya kushuka kwa noti huweza kubadilishwa. Wanaoanza hudhani kwamba kasi ndogo hurahisisha kazi, lakini kasi ikiwa ndogo sana noti husongamana kwenye kioo na kuwa vigumu kuzitofautisha.

Kama ilivyo kwa michezo ya mdundo kwa jumla, usikivu ni muhimu. Vipokea sauti vya waya hufaa zaidi, kwa sababu vile vya Bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Ucheleweshaji huo hausumbui katika kusikiliza muziki, lakini hutosha kuharibu upigaji.

Kufungua nyimbo na hadithi

Mwanzoni mchezaji ana nyimbo chache. Nyingine hufunguka kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mti. Mche mdogo umeota juu ya piano, na kila wimbo unapomalizika mche huo huongezeka urefu, unaopimwa kwa mita. Mti ukifikia kimo fulani, sehemu mpya ya hadithi huonyeshwa na nyimbo nyingine hupatikana. Asiye hodari pia hufika mwisho, ila kwa kupiga nyimbo mara nyingi zaidi.

Njia ya pili ni kuchunguza. Kati ya wimbo na wimbo mchezaji huweza kutembelea vyumba vya jumba anamoishi Deemo na kugusa vitu vilivyomo. Baadhi ya vitu hivyo huficha vidokezo vya hadithi au nyimbo ambazo hazimo katika orodha ya kawaida.

Njia ya tatu ni kununua. Makusanyo ya nyimbo za ziada huuzwa ndani ya mchezo. Hadithi kuu haihitaji makusanyo hayo.

Hadithi

Sehemu hii inaeleza pia mwisho wa hadithi.

Deemo ni kiumbe mrefu, mwembamba na mweusi, anayeishi peke yake katika jumba na kupiga piano. Hasemi neno. Siku moja msichana anaanguka kutoka dirisha lililo juu sana. Hakumbuki jina lake wala alikotoka. Deemo anatambua kwamba mche huota juu ya piano kila anapopiga, na kwamba ukirefuka vya kutosha msichana ataweza kuupanda hadi dirishani. Anaanza kupiga piano kwa ajili hiyo. Ndani ya jumba hilo yumo pia mwanamke aliyevaa kinyago, ambaye hampokei mgeni kwa furaha.

Uzito wa hadithi uko katika kazi hiyo yenyewe. Deemo, aliyezoea upweke, sasa amepata mwenzake, na msichana naye anamzoea. Lakini wimbo wanaoufurahia pamoja ndio unaorefusha mti, na mti ukifika juu lazima waachane. Mchezaji amewekwa katikati ya jambo hilo. Hawezi kuendelea bila kupiga, na kadiri anavyopiga vizuri ndivyo anavyoharakisha kuagana kwao.

Kumbukumbu za msichana hurudi kidogo kidogo. Jina lake ni Alice. Mwishoni hubainika kwamba Deemo ni Hans, kaka yake, aliyefariki katika ajali alipokuwa akimwokoa dada yake, na kwamba katika muda wote huo Alice alikuwa amepoteza fahamu. Alice anapanda, anaamka katika ulimwengu wa kawaida, na kaka yake anabaki nyuma. Hadithi huonyeshwa kwa picha nyingi na maneno machache, hivyo hata asiyejua vizuri lugha za mchezo, kama Kiingereza, Kichina na Kijapani, huweza kufuata mambo makuu.

Muziki

Piano ndiyo nguzo ya muziki wa Deemo, ingawa nyimbo zake hutofautiana sana: zipo za piano peke yake, za waimbaji, za mtindo wa jazi na za muziki wa kielektroniki. Rayark haikutegemea mtunzi mmoja, bali ilikusanya kazi za watunzi wengi wa Taiwan, Japani, Korea Kusini na kwingineko. Miongoni mwao ni mpiga piano V.K wa Taiwan, mwenye wimbo Wings of Piano. Kundi la Mili, lenye wimbo Nine Point Eight. Pamoja na Rabpit na M2U. Kwa vijana wengi michezo ya namna hii imekuwa mlango wa kuwafahamu watunzi ambao hawasikiki redioni. Idadi ya nyimbo iliongezeka kwa miaka, na kwa kuhesabu makusanyo ya kununua imepita 200.

Matoleo mengine na filamu

Deemo: The Last Recital ulitolewa mwaka 2015 kwa PlayStation Vita, ukiwa na sehemu za katuni. Mwaka 2017 mchezo ulifika Nintendo Switch. Deemo -Reborn- ulitolewa mwaka 2019 kwa PlayStation 4. Katika toleo hilo jumba limejengwa kwa umbo la pande tatu, na mchezaji humtembeza msichana na kufumbua mafumbo.

Deemo II ulitolewa Januari 2022 kwa simu. Una wahusika wapya na hadithi ya mji wa kituo cha treni unaotishiwa na mvua inayowafanya watu wachanue kuwa maua na kutoweka. Mwaka huo huo, tarehe 25 Februari, filamu ya katuni inayotokana na mchezo wa kwanza ilianza kuonyeshwa nchini Japani. Kwa Kiingereza inaitwa Deemo: Memorial Keys, na ilitengenezwa na studio za Signal.MD na Production I.G.

Nafasi yake kati ya michezo ya simu

Deemo wa kwanza unaweza kuchezwa bila intaneti. Jambo hilo lina maana zaidi ya kupunguza gharama ya bando. Michezo mingi ya mdundo iliyofuata huendeshwa kama huduma: nyimbo na hadithi hutoka kwenye seva za kampuni, na seva zikizimwa vyote hukatika. Love Live! School Idol Festival, ulioanza Japani mwaka 2013 kama Deemo na kupendwa sana, ulifungwa Machi 2023. Mchezo uliohifadhiwa katika simu ya mchezaji haufi kwa namna hiyo, ingawa bado hutegemea simu na mifumo inayoweza kuuendesha.

Deemo pia hukumbukwa kwa kuonyesha kwamba mchezo wa simu wa kugonga noti unaweza kubeba hadithi ya msiba. Nyimbo zinazofunguliwa kwa mazoezi si zawadi tu, bali ni hatua za safari ya dada anayejifunza kumwacha kaka yake aende.